Filimbi Sikupuliza

Mama Kioko,

Uko namna gani huko Katelembo? Goti limepoa? Mvua imenyesha, ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi hapa Mombasa niko salama, nalinda nyumba ya kijana wetu. Joto linanipika lakini mwili bado ni wa simba.

Sasa sikia. Jumamosi timu yetu ya chuo ilikuja kucheza mpira huku. Nikavaa koti la kanisa, nikabeba filimbi yangu ya ngoma. Wewe unajua, huko Machakos hao vijana hawaingii uwanja mpaka mimi nipulize na nyinyi akina mama mpige vigelegele. Na hakuna mtu anapuliza kama mimi, Ukambani yote.

Nikafika kwa tenti ya mashabiki wetu. Imejaa watu wa matumbo na fulana mpya, wale walisoma hapo chuo zamani. Mmoja akaniziba njia.

"Mzee, ulimaliza mwaka gani?"

"Sikumaliza. Hata sikuanza."

Wakacheka. "Basi hii tenti ni ya wenye chuo."

"Wenye chuo? Nyinyi mlisoma mkaenda zenu! Timu ikifungwa na mvua inanyesha, nani anabaki pale? Hao vijana wanakula muthokoi ya bibi yangu!"

"Asante kwa muthokoi, mzee. Simama kule ng'ambo."

Ng'ambo ni kwa mashabiki wa Mombasa. Mimi? Nikatoka, nikasimama nje ya seng'enge.

Vijana wakaja mpaka kwa laini, wakasimama. Hawaingii. Kapteni, yule Mutua mrefu unamwongezea chakula, anageuza shingo huku na huku, ananitafuta, anajua niko huku Mombasa. Refa anamfokea. Filimbi ilikuwa kwa mdomo wangu, Mama Kioko. Sikupuliza. Nikasema, wacha wenye chuo wapulize. Wao wakafungulia muziki ya spika. Vijana wakaingia kama watu wanaenda matanga. Wakafungwa tatu bila.

Wakitoka, Mutua peke yake akaniona. Akanishika mikono yote mbili. "Mzee! Tulidhani ulikufa na hakuna mtu alituambia."

Makosa ni ya wale wa matumbo, na nitasema hivyo mpaka kaburini.

Hapa nilikuwa nimeandika usiwapikie hao vijana tena. Nimekata hiyo laini, usiisome. Wapikie. Wale wa fulana wakija, wape maji.

Salimia dada yangu mkubwa wa Kola, na shemeji mwenye duka hapo Kyumbi, na mchungaji wetu. Na wale vijana wengine wakija kula, waambie sijakufa. Nilikuwa hapo nje.

Ni mimi mume wako, bado na nguvu,
Baba Kioko