Ndiyo ya Mama Kasuku

Baba Kasuku,

Kabla hakujapambazuka nilisikia bawaba za kabati zikilia, nikadhani panya. Kumbe ni wewe, unajaribu kola ya uchungaji gizani!

Uji uko kwenye chupa. Kasuku umpeleke shule wewe.

Mwinjilisti wangu kuwa mchungaji ni furaha yangu, Mungu anajua. Kilichonichoma ni kauli yako nilipowasha taa: “Tumepewa ule usharika wa mbali, tunahama mwezi ujao. Wazee nimeshawaambia umekubali.” Nimekubali lini? Na masomo yangu ya jioni, nimebakiza mtihani tu, niyaache njiani? Ukanijibu, “Mke wa mchungaji shule yake ni kanisa.” Neno hilo halimezeki hata kwa maji.

Leo jioni wazee watanisimamisha mbele yao, kama wanavyowafanyia wake wote wa wachungaji wapya, waniulize kama naridhia. ~~Sitakuja.~~ Nitakuja, tena na gauni langu la bluu. Ila ndiyo uliyowapa kwa niaba yangu sitairudia. Yangu bado ninayo. Unipitie kwa fundi cherehani ninapofanya kazi, nikimaliza tutembee pamoja mpaka kanisani, uniulize kwa kutetemeka kama siku ile uliponiposa.

Usisahau kufunga gesi.

Mama Kasuku

Kasuku nimemsomea haya wakati unaoga, maana najua hamalizi dakika bila kurudia alichosikia. Amesimama mlangoni pa bafu, anakuambia kwa sauti, “Baba, muulize mama kwanza.”