Majivu Kwenye Miche ya Azalea

Ayanle, mpenzi wangu,

Juzi kwenye simu nilicheka tu ulipouliza kama miche imefikisha majani manne. Nilishindwa kukuambia, roho yangu. Imekufa yote.

Mbegu zako mwenyewe, za azalea nyeupe uliyoichavusha kwa nyekundu huko kazini kwako Tigoni, mwaka ule ulipokuja kuniposa! Thelathini na moja ziliota. Miche niliiweka kivulini, nikaikamulia ndimu kwenye maji kama ulivyonifundisha, hata nikaibusu. Halafu sisimizi wakaja. Mama yako akacheka: "Bibi harusi, hawa wakimaliza miche watahamia godoro lenu!" Akaleta majivu ya jikoni, dawa yetu ya kila mdudu. Nami nikamshikia kopo akiyanyunyiza kwenye miche. Ulinionya kwamba azalea hupenda udongo mchachu, haitaki majivu wala chokaa, lakini furaha ilinisahaulisha. Siku ya nne majani yote yalikuwa manjano.

Mama anasema ni jua la Garissa. Sijamwambia ukweli.

Uliahidi miche ikiishi utaacha kazi uje tufungue kitalu hapa. Sasa ni mwaka mzima hadi mbegu nyingine zikomae, nasi tangu harusi tumelala nyumba moja siku kumi na mbili tu. Nakupenda mpaka naona aibu, Ayanle, na sijui mwaka huo nitauishije. Usitume mbegu. Kabla mwezi huu haujaisha nitapanda basi nije kwako, inshallah, hata ukinikasirikia.

Mkeo,
Filsan