Mizunguko Thelathini na Saba

Tarehe 4 Machi

Kwako dada,

Salamu. Mimi ni mzima, na wewe nadhani u mzima, maana dereva wa lori la saruji anasema alikuona mwezi uliopita ukipasua magari kwenye yadi ya vyuma chakavu, na kwamba umenenepa. Yeye ndiye aliyenipa anwani hii, na ndiye atakayebeba barua.

Najua ni miaka saba. Siandiki ili tuyafukue yale. Naandika kwa ajili ya kazi. Nimepata mkataba wa kushusha mbao kutoka mlimani, na mwenye mbao amenipa hadi mwanzo wa mwezi wa tisa niwe na gari linaloweza kupanda ule utelezi mvua ikinyesha. Nikishindwa anamchukua mwingine. Gereji imelala, dada. Wateja wote wamehamia kwa fundi mpya wa barabarani, yule mwenye kompyuta. Nimebaki na gari moja, na unalijua: pikapu ya mzee. Inavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Nataka ivute kwa yote manne.

Nahitaji ekseli ya mbele na gia zake za katikati, difu; ule mtaimbo mrefu wa kuizungusha, propela; na ile gia boksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma, transfa. Kama kuna gari la aina hiyo limekufa hapo yadini, niambie.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Hata gari lenyewe hataki liguswe, anasema liachwe kama lilivyo. Namwelewa, ndilo gari alimofia mama.

Ni mimi, mdogo wako.


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua bado kinakubana wakati wa baridi? Mimi sijambo. Sijanenepa, ni ovaroli. Mwambie huyo dereva atazame barabara.

Nilipoona mwandiko wako nilifungua bahasha nikijua mzee amekufa. Kumbe mtu anatafuta difu! Nilicheka mpaka mwenye yadi akaniuliza kulikoni. Kisha nikaenda nyuma ya kontena nikalia. Nakuambia ili ujue tu, huruma yako siitaki.

Haya, kazi. Gari lipo. Pikapu ya aina ile ile, ila hii ilizaliwa na magurudumu manne ya kuvuta. Ilipondwa kichwani, chini iko salama. Nitakuchomolea vyote. Lakini nisikilize vizuri. Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na mwendo mmoja. Zikipishana kidogo tu, mbele itavuta hivi na nyuma hivi, na transfa iliyo katikati ndiyo itakayoumia. Kwa hiyo hesabu kwanza. Inua nyuma kwa jeki, tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, zungusha magurudumu yote mawili kwa pamoja mara kumi, uone propela imezunguka mara ngapi. Hii yangu inatoa arobaini na moja. Yenu, kama ni ile ya kiwandani, itatoa arobaini na moja vilevile. Usiniandikie "nadhani". Hesabu.

Mzee anaendeleaje? Usimwambie nimeuliza.

Dada yako.


Tarehe 2 Aprili

Kwako dada,

Shikamoo. Kifua hakijambo, asante. Mzee yupo, macho yanapungua na mikono inatetemeka, lakini mdomo uko palepale.

Kuhesabu sikuona haja. Nilimuuliza mzee, akasema difu ya nyuma haijaguswa tangu pikapu inunuliwe. Nilipomuuliza mara ya pili akafoka, "Unanipima mimi?" Wewe mwenyewe unajua, mzee akishasema neno kuhusu gari, limekwisha. Tuma tu. Siku zinakwenda mbio.

Mdogo wako.


Tarehe 11 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii na vyuma vyake vinakukuta salama. Nimekufungia ekseli, propela, transfa, na springi za mbele pia, maana zako zitakuwa fupi. Vishikio vya springi usivichomelee kabla hujapima pande zote mbili mara mbili. Ukikosea kidole kimoja gari litatembea kama kaa.

Ungehesabu. Lakini haya, mzee kasema.

Dada yako.


Tarehe 23 Mei

Dada,

Salamu nyingi kutoka chini ya gari. Nimemaliza! Wiki sita nimelala chali, nimekula kutu mpaka nikashiba. Transfa nimeining'iniza kwenye boriti niliyoikata kutoka lori bovu, na sakafu nimeitoboa kwa ajili ya mkono wake wa gia. Jana nimelipeleka kwenye tope la mtoni, likapanda kama mbuzi. Nilipiga kelele peke yangu.

Halafu nikatoka nalo barabara ngumu. Dada, gari linajifunga! Usukani unapigana nami, tairi zinalia, chini kunagonga, kisha mkono wa transfa unaruka wenyewe. Ukilirudisha kwenye kuvuta nyuma peke yake linatulia. Mzee alikuwa amesimama langoni, akatazama, akaingia ndani.

Niambie ukweli. Umenitumia transfa mbovu? Nilikuwa nimejiapiza nisiseme hili, lakini acha niseme: kila gari likipita mikononi mwako, kuna jambo.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo. Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha.

Transfa ni nzima. Hesabu.

Dada yako.


Tarehe 7 Juni

Dada,

Salamu. Nimehesabu. Thelathini na saba.

Nikafuta chaki nikachora upya. Thelathini na saba. Nikahesabu mara ya tatu kwa sauti kama mwanafunzi. Thelathini na saba, haizidi.

Sielewi. Nisaidie.

Mdogo wako.


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Leo habari za kifua chako siulizi.

Unaelewa sana. Wewe ni fundi, usinifanyie ujinga. Gari lilitoka kiwandani na arobaini na moja. Hilo lina thelathini na saba. Basi hiyo siyo ekseli yake. Kuna mtu aliitoa ile na kuweka ya kuokoteza. Na mimi, wiki mbili kabla ya ajali, nililala chini ya gari hilo nikabadilisha mafuta ya difu, na kibati cha namba cha kiwandani kilikuwa bado kimepigiliwa mahali pake. Nenda ukatazame kama kipo.

Kabla ya siku ile, mwezi mzima, nilikuwa namwambia baba kuna sauti nyuma kushoto. Akasema, "Na wewe umeanza kuogopa sauti?" Siku yenyewe nilikuwa nakwenda polepole, mama anamenya chungwa ananipa kipande kimoja kimoja. Nikasikia mlio nyuma, ta! Mkia wa gari ukanitoka mikononi, tukaenda korongoni. Niliwaambia hivyo nyote, bega likiwa limefungwa. Baba akalivuta gari mpaka gereji akafunga lango siku tatu. Alipotoka, akasimama mbele ya watu wote waliokuja msibani, akasema amelipekua kwa mikono yake: ekseli nzima, breki nzima, hakuna kilichovunjika, ni mwendo wa dereva. Mama mkubwa akanitemea mate miguuni, akaniambia nisilikanyage kaburi la mdogo wake. Na wewe, mdogo wangu, uligeuza uso.

Kama ekseli ilikuwa nzima, aliibadilisha kwa nini?

Na unajua kinachoniuma kuliko vyote? Nilikuwa nimeshamwamini. Miaka saba najiambia labda nilikuwa nakimbia kweli, labda ule mlio niliuota. Sijashika usukani tena. Nafanya kazi na magari yaliyokufa kwa kuwa hayaendi popote.

Muulize. Muulize huku unamtazama.

Dada yako.


Tarehe 18 Julai

Dada yangu,

Nisamehe kimya. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kibati hakipo. Nilifungua difu yote, nikaona rangi ya gari jingine, ya kijani, chini ya ile nyeusi aliyoipaka. Nilikaa nayo wiki mbili bila kusema. Nilikuwa nakula naye meza moja.

Juzi asubuhi alikuwa amekaa kwenye kreti pale mlangoni anaota jua. Nikamwambia, "Baba, ni thelathini na saba." Hakuniuliza thelathini na saba ya nini. Kisha akasema shafti ya kushoto, ile ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, ilikuwa na ufa, aliuona, alitaka kuibadilisha mwisho wa mwezi. Akasema baada ya ajali aliikuta imekatika vipande viwili. Vyote alivifukia.

Nikamuuliza, "Na dada je?" Dada, nakuandikia kama alivyosema, sipunguzi: "Yeye alikuwa kijana. Nikaona ataanza upya kokote. Mimi ningeanzia wapi, nikishasema nimemuua mke wangu kwa uvivu?"

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ile. Nikamletea maji. Sikujua nifanye nini kingine.

Ni mimi niliyegeuza uso. Sina la kujitetea.

Mdogo wako.


Tarehe 25 Julai

Mdogo wangu,

Pole, na asante kwa kutopunguza.

Nilisoma nikiwa nimekaa ndani ya lile gari bovu nililokuchomolea vyuma. Nililia, kisha nikatoka nikafanya kazi mpaka saa ya kufunga, na mikono yangu ilikuwa myepesi, sijui hata nikuelezeje. Ule mlio sikuuota! Mtu asiyepata kuambiwa amemuua mama yake hawezi kujua nilivyojisikia.

Nakutumia ekseli ya nyuma ya gari lilelile. Nimeihesabu mwenyewe, arobaini na moja. Ifunge, utapata mkataba wako. Hiyo ni zawadi.

Nina ombi moja tu. Siku gari litakapotoka watu watajaa hapo gereji, nawajua, hata asiyejua spana atakuja kutoa maoni. Mama mkubwa atakuja. Ni wale wale waliosikia uongo. Mbele yao, sema. Sitaki baba apigwe mawe, sitaki apige magoti. Nataka neno moja lisikike: shafti ilivunjika. Kama mzee hawezi, sema wewe. Ulihesabu kwa mkono wako.

Likishasemwa, nitapanda lori la Jumatatu nije nimwone mama.

Dada yako.


Tarehe 9 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini hujambo kabisa, na kazi inakwenda vizuri. Sisi huku hatujambo. Kifua kimetulia.

Gari limetoka Jumamosi! Halijifungi tena, barabara ngumu linateleza kama maji. Mwenye mbao alikuja mwenyewe, nikampandisha mpaka juu kabisa na mzigo nyuma, akanishika mkono. Mkataba ni wangu. Bila wewe nisingepata.

Watu walijaa kama ulivyosema. Mzee aliletewa kiti. Kila mtu anampa mkono, fundi mkuu, fundi mkuu, na ulikuwa umepita mwaka mzima hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa anatabasamu mpaka anatia huruma. Mama mkubwa akauliza vyuma vimetoka wapi. Mzee akasema amevitafuta mwenyewe kwa marafiki zake wa zamani. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kitambaa mkononi, najiambia sasa, sasa. Mama mkubwa akapigapiga boneti, akasema kwa sauti, "Gari hili halikuwa na kosa tangu zamani. Kosa lilikuwa mikono." Akanigeukia. "Au siyo, mwanangu?"

Watu wote wakanitazama. Mzee akatazama chini.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Sijui lilitokaje. Wakapiga makofi. Ningeweza kukuandikia kwamba watu walikuwa wengi, hapakuwa na nafasi, lakini nafasi ilikuwepo, nilipewa hata na swali. Mzee hana siku nyingi, dada. Akishaondoka nitasema kila kitu, nakuapia. Naomba usinichukie.

Mdogo wako.


Tarehe 16 Septemba

Mdogo wangu,

Barua imefika salama. Hongera kwa mkataba, na hilo nalisema kwa moyo mmoja. Kufunga transfa pasipo na mahali pake na isipige kelele, hiyo ni kazi ya fundi.

Baba alidanganya kwa sababu aliogopa kuitwa muuaji wa mkewe. Ni woga mchafu, lakini najua umetoka wapi. Wewe uliogopa nini? Kukosa makofi?

Miaka saba ulinihukumu kwa neno la mtu mwingine, nami sikukulaumu sana, ulikuwa mdogo na alikuwa baba. Safari hii hukuambiwa na mtu. Uliinama mwenyewe, ukahesabu mara tatu. Nilikaa wiki sita nikisema, sasa tuko wawili tunaojua. Nilishona hata gauni la kuja nalo, mimi mtu wa ovaroli. Halafu ukaulizwa mbele ya watu kama nimemuua mama, ukasema ndiyo.

Usiniombe radhi tena, na usiniandikie. Siku utakayosema, sitahitaji barua kujua. Mama mkubwa hawezi kukaa na jambo tumboni hata saa moja. Atanitafuta mwenyewe mpaka humu yadini. Dereva wa lori hupita hapa kila Jumatatu. Nitakuwa namuuliza kama kuna mtu huko ameniulizia, mpaka siku nitakayoacha kumuuliza.

Dada yako.