Kisima cha Velji Damodar

Qurum, Maskati
14 Machi 1998

Kwa ndugu yangu mpenzi Sleiman,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila Shangazi Khole na magoti yake. Wewe na watoto hapo Unguja hamjambo? Sukari imeshuka? Usinidanganye, nnakujua.

Sleiman, simamisha kila kitu! Lile jiwe la kisima, lenye jina la Harub, babu yake baba yetu, mwambie fundi asilichonge. Kaa kitako nikueleze.

Juzi ukoo mzima ulikuja kwangu kupanga sherehe ya kukifungua kisima cha huko Unguja baada ya matengenezo. Wanaume wakajisifu weee, babu kachimba, babu kawanywesha masikini. Nikawakatiza. Nikawasomea hati iliyoandikwa kwa mkono wa babu mwenyewe: mali yote iliyochimba kile kisima ni ya Velji Damodar, Banyani wa Kachi, Bara Hindi, aliyeshuka Unguja kijana na robota moja la nguo, akawa tajiri wa karafuu. Alichelea watu wasije wakayasusa maji ya Banyani asiye Mwislamu, akamwomba rafiki yake Harub akitoe wakfu kwa jina lake. Babu akaandika kuwa jina lile ni amana tu, lirudishwe kwa mwenyewe.

Binamu yetu Khattab akasema nimewavua nguo. Shangazi Khole akamkemea, akasema babu yake alikuwa mtu wa amana, sisi ndio tunataka kumfanya mwizi. Kisha akainuka na magoti yake hayo mabovu, akapiga vigelegele, wallahi!

Jana nikaipeleka hati sokoni Matrah, kwa Kishor muuza vitambaa, kitukuu cha Velji. Kumbe kwao Velji ni bakhili, eti kafa hajampa mtu hata kikombe cha maji. Nilipomsomea alilia mbele ya wateja, akampigia simu mamake.

Sasa nnakuungamia. Hati hii niliikuta sandukuni alipofariki baba, miaka saba nyuma. Nikaificha, hata kwako, kwa sababu nilipenda kuitwa wa ukoo wa kisima. Lakini niliposikia jina linachongwa kwenye jiwe, moyo ulinishinda. Nisamehe, kaka yangu.

Jiwe liandikwe: Velji Damodar alikitoa, Harub alikitunza. Kishor anakuja na mamake, bibi wa miaka themanini. Uwapokee wewe mwenyewe uwanja wa ndege, na maji ya kwanza umpe yule bibi.

Nibusie watoto, na wifi yangu mpe salamu zake.

Dada yako, leo natembea kifua mbele,
Mahfoudha