Jina Langu Kwenye Albamu ya Rowena

Lipa, Batangas
14 Machi 2006

Kwa dada yangu Remedios,

Pokea salamu zetu sote huku nyumbani. Natumai huko Hong Kong magoti yamepoa, na yule mama unayemfanyia kazi amekurudishia Jumapili zako. Sisi tu wazima. Mke wangu Felisa anakohoa kidogo, ila mdomo wake hauumwi hata siku moja. Jogoo wangu mwekundu ameshinda tena. Mpinzani wake alikimbia kabla hajaguswa, akapita juu ya paa la kanisa. Ukiambiwa aliruka ua tu, huo ni wivu.

Albamu ya binti yako imetoka, dada. Nyimbo kumi na mbili za enzi zile tulipovaa suruali pana chini, kaziimba upya kwa sauti ile ile ya marehemu mama. Sokoni hata wauza samaki wanaziimba. Wa saba ni ule wa dirisha la bluu, ambao vijana wa hapa mjini waliutoa kwenye santuri mwaka wa sabini na tisa bila jina la mtunzi. Sasa jina lipo. Ni langu.

Mwaka jana Rowena alikuja kuniuliza ule wimbo ni wa nani, akamwombe ruhusa. Nikamwambia mwenyewe unamtazama. Nikampa na hadithi yake, jinsi nilivyoutunga juu ya paa wakati wa kimbunga, maji kifuani, gitaa nimeling'ata kwa meno. Siku ya uzinduzi kule Manila akanipandisha jukwaani, akasema, “Huyu ndiye mjomba wangu, wimbo huu ni wake.” Nikasimulia tena, na safari hii maji yalifika shingoni. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwanao akalia kwa furaha.

Jumapili iliyofuata nikaenda kujitapa kwa Sidro. Unamjua Sidro, rafiki yangu tangu darasa la tano, tulipoacha shule pamoja. Kiharusi kilimnyang'anya maneno mwaka juzi, na bintiye Teresing ndiye anayemlisha. Teresing akaweka albamu, akaninyooshea kidole mimi, akamwambia, “Baba, sikiliza, wimbo wa Mzee Pulong wako huo.” Mkono wa Sidro usiopooza ukaanza kutembea juu ya shuka, vidole vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo, kila kimoja mahali pake. Wimbo ulipoisha akanitazama. Hakukasirika, dada. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake aseme jambo. Teresing akacheka: “Mzee Pulong, umempa nini baba? Tangu asubuhi hajamtazama mtu hivyo.” Nikaomba sahani ya pili ya tambi ili kinywa kiwe na kazi.

Wimbo ni wa Sidro. Maneno yake, muziki wake. Nilipokuwa namposa Felisa nilikwenda kuimba chini ya dirisha lao kama wanaume wote, na kwa kuwa sauti yangu hufukuza paka, nilimchukua Sidro aniimbie. Hilo si aibu, wengi walifanya. Lakini Felisa alipoteremka akauliza nani kautunga, nikasema ni mimi, na Sidro amesimama pale pale ameshika gitaa. Njiani Sidro aliniambia nimweleze Felisa tukishaoana. Miaka ishirini na saba imepita.

Hakuna mwingine anayejua, na yeye hawezi tena kusema. Nikifunga mdomo tu, wimbo unabaki wangu mpaka kaburini. Ndicho kinachoninyima usingizi, kwamba ni rahisi hivyo.

Rowena anasema toleo la pili litachapwa baada ya Pasaka. Nilitaka nikuombe wewe umwambie, nikaona haya. Nimemwandikia mwenyewe, barua imetangulia, na nimemwambia aweke jina kamili la Sidro, Isidro Malabanan. Akikupigia simu analia, usinitetee. Nilimwacha asimame mbele ya watu wote akiniamini.

Felisa bado sijamwambia. Yuko jikoni anakaanga samaki na anauimba huo huo. Nikishaweka sahihi nitakwenda kumweleza, ila nitamwacha aumalize kwanza, maana akishajua sidhani kama atauimba tena.

Wasalimie wenzako wa huko, na ujifunike vizuri kwenye baridi.

Ndugu yako,
Crispulo