Subaru Yetu Juu ya Mapipa

Jumapili, 6 Agosti 2006

Furaha yangu leo haina pa kukaa! Klabu ya mbio za magari ya Kisaju imekubali wanawake. Nimejiandikisha—mimi, Soila, mbeba mayai wa Isinya. Kila asubuhi napeleka trei za mayai Kitengela kwa pikapu, barabara ya mawe matupu, na hakuna yai linalovunjika. Sasa nataka kukimbia bila mayai.

Ila kuna sheria. Gari lenye nguvu zaidi ya farasi mia mbili haliendeshwi na dereva mgeni. Likipita hapo, ataendesha Lesiamon, binamu ya mume wangu, kwa sababu yeye ameshawahi kushindana. Na huyo mume wangu, Katoo, ametangazia Kitengela nzima kwamba Subaru yetu ina farasi mia mbili themanini. Amemwambia kinyozi. Amemwambia pasta!

Nikamuuliza ni nani aliyezihesabu. Akasema aliyetuuzia.

Jumanne, 8 Agosti

Kumbe magari yote yatapimwa. Jumamosi, kwa fundi Khisa, kwenye ile mashine yake mpya. Katoo amefurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo za Krismasi. Ati sasa watu wataona kwa macho.

Mimi nikaenda nyuma ya banda la kuku nikaomba. Mia moja tisini na tisa, Baba, usizidishe. Sijawahi kuombea kitu chetu udhaifu. Nikacheka peke yangu, kuku wakinitazama.

Alhamisi, 10 Agosti

Yeyo, mama mkwe wangu, amekuja kutoka Kajiado. "Takwenya, Soila." "Iko, Yeyo," nikaitikia salamu. Kabla hajakaa akamwona Katoo anamimina petroli ya ndege kwenye tangi. Aliitoa wapi, hasemi. Ati inaongeza nguvu.

Yeyo akamwambia hana tofauti na wale wanaolambisha ng'ombe chumvi kuamkia siku ya soko, ili anywe maji tele aonekane mzito. Mnunuzi mwenye akili anagonga tumbo tu, anajua. Katoo akaona haya. Akaifyonza petroli yote kwa mpira—akameza kidogo! Jioni nzima hatukumruhusu kukaribia jiko.

Ijumaa, 11 Agosti

Lesiamon amepita na helmeti yake. Ameandika jina lake kwenye mlango wa gari kwa chaki. Nimelifuta.

Baridi kali. Sina hamu ya kula.

Jumamosi, 12 Agosti

Niko kwa Khisa. Naandikia juu ya goti.

Mashine yenyewe ni mapipa ya chuma yaliyolazwa sakafuni. Magurudumu yanakaa juu yake, na gari limefungwa mikanda mbele na nyuma kama ng'ombe wa kuchanjwa. Khisa anakanyaga mafuta, magurudumu yanazungusha mapipa, kompyuta inasoma nguvu iliyofika chini. Ile ya mdomoni haisomi. Litapimwa mara tatu, na namba kubwa kati ya hizo ndiyo itakayoandikwa.

Mara ya kwanza—kelele! Gari linakimbia na haliendi popote. Mabati ya paa yalitetemeka, na kifua changu pia. Mia moja tisini na moja.

Niliruka. Halafu nikajikumbuka, nikakaa.

Mara ya pili, mia moja tisini na nne. Lesiamon akachukua helmeti yake akaenda zake. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, kinyozi akiwa mbele kabisa. Akapaza sauti, "Katoo! Hizo themanini zingine umewacha malishoni?" Wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka—mpaka nilipouona uso wa mume wangu. Akavuka barabara kwenda kwenye duka la soda la Falis, mikono nyuma, polepole.

Hapo ndipo Khisa aliponiita kwenye boneti. "Madam, skia hiyo filimbi. Hose ya turbo imelegea, upepo inatoroka. Nikikaza hii clip, gari inapita mia mbili na ishirini hivi. Nikaze ama niwache?"

Wacha! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nani angejua? Lakini gari letu linakohoa, na mimi ndiye wa kushangilia kikohozi? Na Katoo wangu amechekwa na kinyozi! Nampenda huyu mtu, na mdomo wake wote. Nikamwambia Khisa angoje.

Katoo amerudi na soda mbili. Ameifungua yangu kwa meno. "Soila, ni sawa tu. Under mia mbili. Utaendesha wewe." Na alitabasamu—tabasamu la kweli, namjua.

Nikamwambia habari ya clip.

Aliangalia wale watu mlangoni, akaangalia gari. Nilijua atapiga kelele likazwe. Akasema chini chini, "Wacha hivyo hivyo."

"Hapana. Kaza."

"Wewe ndio uko na mguu ya hii gari. Lesiamon ataivunja tu."

"Na wewe uko na jina hapa Kitengela."

"Hiyo jina nimezoea kuipoteza."

Tumegombana hapo mpaka watu wakasogea kusikiliza. Yeye, wacha! Mimi, kaza! Khisa amekalia tairi, bisibisi mkononi, anatungoja. Sijawahi kugombana nikiwa na furaha namna hii.

Sasa Katoo amempigia Yeyo simu ati aamue. Namsikia: "Yeyo, ongea na huyu msichana wako, ananisumbua." Nikanyoosha mkono nichukue simu. Hapana, anasema Katoo, macho yamemtoka. Yeyo anataka kuongea na fundi.

Khisa amesimama wima, kofia ameivua. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Hapana, mama. Ndiyo, ndiyo."

Katoo ananitazama. Namtazama. Tumeshikana mikono bila kujua ni nani aliyeanza.

Khisa amerudisha simu. Tumemuuliza sote wawili kwa pamoja, hataki kusema. Anacheka tu. Anaenda kwenye gari, bisibisi mkononi, na ameinua boneti, anainamia ile clip—