Mapigo ya Nyota Iliyokufa

Mama, shikamoo.

Huku Handeni jua linachoma, lakini ugali wa mtama nimeshauzoea, usiniwazie njaa.

Mchana huu kijiji kizima kimekwenda shamba la ujamaa. Mimi nilibaki zahanati ninakosaidia kazi, nikatandaza mezani ule mkanda wa karatasi niliopewa chuoni. Unaonyesha mionzi ya eksirei ya nyota fulani, iliyopimwa na chombo kiitwacho Uhuru, kile kilichorushwa angani kutoka pwani ya Kenya. Nyota yenyewe ilishakufa. Limebaki donge zito ambalo upana wake hauzidi mwendo wa Korogwe hadi Magoma, nalo hujizungusha kila unapovuta pumzi. Kila mzunguko umechora kilima kwenye karatasi, kama mkanda wa kupimia mapigo ya moyo hospitalini.

Muuguzi wetu, Mama Sefu, aliyefiwa na mumewe juzijuzi, akainama kutazama.

"Moyo wa nani huu?"

Kidole chake kikafuata vilima mpaka vilipokoma, kikapita kwenye mstari mtupu, kikagota pale vilipoanza tena.

"Amerudi," akanong'ona.

Nikamweleza kuwa ni nyota, na kwamba ilipita tu nyuma ya nyota kubwa mwenzake, ndiyo maana ikapotea. Sidhani kama alinisikia.

"Basi mume wangu nilimfunika uso mapema mno."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, Mama, na joto lote hili.

Sasa namwona dirishani akielekea makaburini peke yake. Naacha kalamu nimfuate. Msalimie Baba na wote hapo Masuguru, Mungu awalinde.

Mwanao akupendaye,
Eliza